Kadi yako ya EBT inanunua mbegu: mwongozo kamili wa mboga freshi na bustani kwa fudistempu

Mwaka wetu wa kwanza hapa Louisville, Kentucky, mama alikuwa anasimama dirishani kila asubuhi anaangalia kale kauwanja ka nyuma ya apatimenti anasema, "Ardhi yote hii imelala bure." Tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na yeyote aliyepita kambi ile anajua, rasheni ilikuwa unga na maharage na mafuta na chumvi, mboga unajitafutia mwenyewe, kwa hiyo hata pembeni ya bomba pale maji yanapomwagika ungekuta mtu kapanda lengalenga (mchicha). Hapa tukapewa kadi ya EBT, ile ya serikali ya kununulia chakula, tukawa tunaenda supamaketi tunanunua spinachi ya kwenye boksi la plastiki, ukiipika inabaki kiganja kimoja, na mezani tuko watu saba. Ikifika tarehe 20 balansi imebaki dola nne. Miaka miwili tumeishi hivo, na hamna mtu aliyetuambia kwamba kadi ileile inanunua mbegu na miche.

Kwa hiyo naandika yote hapa kuanzia mwanzo, haki yako, dukani, sokoni, mpaka kwenye ndoo ya udongo. Mifano mingi ni ya Kentucky kwa sababu ndo ninapoishi, ila sheria ya kadi ni ya nchi nzima.

KWANZA, HAKI YAKO

Jina rasmi la fudistempu ni SNAP, msaada wa chakula wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na pesa yake inaingia kwenye kadi ya EBT. Wengi tunasema fudistempu kwa sababu zamani zilikuwa stempu za karatasi kweli, kadi zimeenea majimbo yote ilipofika 2004. Jimbo lingine linaweza kuiita jina lake, California wanasema CalFresh, Wisconsin FoodShare, Texas kadi inaitwa Lone Star, usichanganyikiwe, ni kitu kimoja. Kentucky unaomba kupitia kynect, tovuti ya jimbo. Ukiwa jimbo lingine na hujui pa kuanzia piga 211, watakuelekeza ofisi ya karibu. Na ukiongea na ofisi yoyote ya SNAP una haki ya mkalimani bila kulipa, sema tu neno moja, "Swahili", alafu subiri kwenye laini, usimtume mtoto wa darasa la nne atafsiri mambo ya kipato na kodi ya nyumba, anakosea na kosa linabaki kwenye faili lako.

Sasa hili lisome taratibu. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo kwa watu wetu: mkimbizi au aliyepewa asailamu (hifadhi) ambaye bado hana grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, ametolewa kwenye SNAP mpaka aipate. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi akishafikisha mwaka 1 nchini, kwa hiyo kama mwaka umepita na karatasi bado zipo kwenye droo, wiki hii nenda kwenye shirika lililokupokea au kwa mwanasheria wa msaada uanze. Ukishaipata rudi ofisini uombe tena, usikae ukisubiri waje wakuite. Watoto waliozaliwa hapa ni raia, haki yao ipo hata kama wewe umetolewa, na mzazi anaruhusiwa kuwaombea. WIC nayo, ile ya mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto chini ya miaka 5, haiulizi karatasi za uhamiaji, na ndani yake kuna pesa ya kila mwezi ya matunda na mboga peke yake. Naona wamama wengi wanaiacha hiyo pesa inaisha mwisho wa mwezi bila kuitumia, na ya WIC hailali, mwezi ukiisha imepotea. Ya SNAP inalala, ikibaki inasogea mwezi ujao, ila ukikaa miezi 9 hujaigusa kadi kabisa wanaanza kuiondoa.

KADI INALIPIA NINI

Mboga zote mbichi, matunda, za kwenye frizi, za kopo, nyama, samaki, maziwa, unga, mchele, maharage. Sombe (kisamvu) iliyogandishwa ya kwenye duka la Waafrika inalipiwa, dagaa wakavu wanalipiwa, mawese pia. Chakula cha moto hakilipiwi. Sambusa ikiwa kwenye kioo chenye joto kadi itakataa, sambusa hiyohiyo ikiwa baridi kwenye friji inakubali. Sabuni, pampasi, dawa, vitamini, bia, sigara, hapana. Majimbo mengine kama Indiana hapo ng'ambo ya mto na Nebraska, kuanzia Januari 2026 hata soda kadi hailipi tena.

Sasa mbegu. Mwaka 1973 seneta mmoja wa Alabama anaitwa James Allen alipeleka pendekezo kwamba mtu wa fudistempu aruhusiwe kununua mbegu na mimea ya kujilimia chakula chake, likapita, na mpaka leo ni sheria. Maneno ya sheria yanasema mbegu na mimea inayotoa chakula cha kuliwa na watu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mbegu za nyanya, ndiyo. Mche wa pilipili kwenye kikopo, ndiyo. Vitunguu vya kupanda, mche wa strawberi, mti wa tofaa, mrehani wa kwenye kachungu, vyote ndiyo. Maua ya urembo hapana. Udongo wa mfuko, mbolea, ndoo, jembe, waya, mpira wa maji, hapana, hivo unatafuta kwa pesa taslimu au bure, na nitasema wapi.

Na kitu kingine ambacho watu hawakiangalii kwenye risiti, ukilipa kwa EBT hukatwi kodi ya mauzo. Hata kwenye mbegu.

KWA KESHIA

Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, mimi mwenyewe nilikaribia. Aprili moja nilienda duka moja kubwa, nikachukua paketi tano za mbegu, kolardi, bamia, nyanya, maharage ya kijani na pilipili, kama dola kumi hivi. Nikaenda kwenye mashine ya kujilipia, ikasema balansi ya EBT iliyotumika ni sifuri, lipa dola zote. Nikaita dada wa pale akaniambia, "Mbegu sio chakula, mama." Nyuma foleni, watu wananiangalia, aibu imenijaa mpaka masikioni. Nikarudisha paketi nikatoka.

Baadaye kesiwoka wangu, yule mfanyakazi anayeshughulikia faili letu, mama mmoja mtaratibu sana, akanieleza kwamba shida sio sheria, shida ni kompyuta ya duka, kila bidhaa lazima mtu aiweke alama kwamba SNAP inakubali, na paketi za mbegu mara nyingi wanazisahau kwa sababu ziko upande wa bustani sio upande wa chakula. Basi fanya hivi.

Chukua mbegu kwenye duka linalopokea EBT. Supamaketi, Walmart, maduka ya dola mengi, duka la Waafrika au la Wachina, soko la wakulima. Maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi kama Home Depot yana mbegu nzuri lakini EBT hawapokei, usipoteze mafuta ya gari. Usilipie kule kwenye sehemu ya nje ya bustani, ingia ndani kwa keshia mtu, sio mashine. Tenganisha mbegu na vitu vingine kwenye mkanda, mwambie kabla hajaskani kwamba hizi ni mbegu za chakula na unalipa na EBT. Ikikataa, muulize kwa upole amwite meneja. Mimi natembea na picha kwenye simu ya ukurasa wa USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, unaoorodhesha vitu vya SNAP, pale chini pameandikwa mbegu na mimea, namuonyesha meneja, anasoma, mara nyingi anaingiza kwa mkono. Akikataa bado, sio vita, nenda duka lingine, alafu piga namba iliyo nyuma ya kadi uwaambie.

Kununua onlaini pia inawezekana, Walmart na Amazon wanapokea EBT kwenye majimbo mengi, angalia kama bidhaa ina alama ya SNAP kabla ya kulipa. Ila pesa ya kuletewa mlangoni kadi hailipi.

SOKONI, DOLA INAKUWA MBILI

Watu wetu wanafikiri soko la wakulima la Jumamosi ni la wazungu wenye pesa. Na mimi nilifikiri hivo, nilipita pale na stroka ya mtoto nikaona nyanya dola nne pauni moja nikatembea haraka. Kumbe sikuuliza kwenye tenti.

Kwenye masoko mengi kuna meza moja ya ofisi, unaitafuta kwa bango la SNAP au EBT. Unaenda hapo kabla hujanunua kitu, unamwambia nataka dola 20, anaswaipi kadi, unaweka PIN, anakupa tokeni, za kwetu ni vipande vya mbao vya mviringo, kila kimoja kina thamani imechapwa juu. Alafu anakupa tena nyingine za rangi tofauti, za bure, hizo ndo nyongeza. Kentucky mpango unaitwa Kentucky Double Dollars. Majimbo mengi wana Double Up Food Bucks, iliyoanzia Detroit mwaka 2009, California wana Market Match, Florida Fresh Access Bucks, jiji la New York wana Health Bucks. Pesa nyingi ya nyongeza hizi inatoka kwenye mpango wa serikali kuu unaoitwa GusNIP. Kila soko lina kiwango chake cha siku na kinabadilika, kwa hiyo swali la kuuliza mezani ni hili, "Leo mnaongeza mpaka dola ngapi?" Alafu swaipi kiasi hicho hicho, usiache nyongeza mezani.

Tokeni za SNAP zinanunua chochote ambacho kadi ingenunua, mayai, nyama, mkate, na miche ya mboga. Za nyongeza mara nyingi ni za mboga na matunda tu, uliza kama miche inaingia maana inatofautiana. Chenji ya pesa hawaruhusiwi kukupa kwenye tokeni, kwa hiyo kama kitu ni dola 3 na senti 50 muombe mkulima aongezee kitunguu au pilipili zifike 4, wakulima wengi wanakubali vizuri tu. Zikibaki, weka kwenye pochi, uliza mwisho wake wa kutumika.

Mama yangu siku ya kwanza alizishika zile mbao akazigeuza, akazihesabu mara mbili kama anahesabu pesa ya mtu, akauliza, "Hizi nyingine wanatudai lini?" Nikamwambia hawadai. Hakuniamini mpaka Jumamosi ya tatu.

Akina bibi na babu wenye miaka 60 kwenda juu na kipato kidogo, kuna vocha nyingine ya masoko ya wakulima ya wazee, inatolewa mara moja kwa msimu na inaisha mapema, kwa hiyo mwezi wa 4 au wa 5 anza kuulizia kituo cha wazee. WIC nao wana vocha kama hiyo ya msimu kwenye majimbo mengi. Mama mwenye WIC, SNAP na bibi ndani ya nyumba moja anaweza kuingia sokoni na pesa za aina tatu, na hiyo sio ujanja, ndivyo ilivyopangwa.

Jinsi ya kununua sasa. Zunguka soko lote kwanza bila kununua. Nunua kilicho kingi wiki hiyo, maana kilicho kingi ndo rahisi: Mei strawberi na majani, Julai na Agosti nyanya, bamia, mahindi na pichi, Septemba na Oktoba viazi vitamu na maboga. Uliza nyanya zenye makovu, zile zisizo na sura ya kupendeza, wanaziuza kwa boksi kwa bei ndogo sana, na kwenye sosi nani anaona kovu? Nusu saa kabla soko halijafungwa mkulima hataki kurudisha majani yaliyonyauka, ongea naye. Na mwambie unachokula! Mkulima mmoja pale kwetu alikuwa anang'oa majani ya maboga na ya viazi vitamu anatupa, tulipomwambia sisi tunakula hayo akatuangalia kama tunatania, sasa anatuletea mafungu na tunalipa kwa tokeni.

LINDA KADI

Fupi lakini usiruke. Wezi wanaweka kifaa juu ya mashine ya kuswaipi wanakopi kadi na PIN, usiku pesa inaingia, asubuhi balansi sifuri. Baada ya tarehe 20 Desemba 2024 serikali kuu imeacha kurudisha pesa ya SNAP iliyoibiwa hivo, kwa hiyo kinga ni yako. Badilisha PIN siku moja kabla ya pesa kuingia, usitumie 1234 wala mwaka wa kuzaliwa, na kama jimbo lako lina programu ya simu ya kufunga kadi, ifunge ukitoka dukani na uifungue ukifika kaunta. Na mtu akikwambia nipe kadi nikupe keshi nusu, kataa, hiyo ni kosa la jinai na unafutwa.

BUSTANI YA NDOO

Hapa ndo nataka nikae kidogo. Novemba 2025 serikali kuu ilipofungwa kwa kukosa bajeti, pesa za SNAP zilichelewa nchi nzima, na wiki zile sisi tulikuwa na kolardi nje kwenye ndoo na mifuko kumi na minane ya lengalenga kwenye frizi. Nyama haikuwepo, lakini ugali haukukaa peke yake.

Tafuta jua kwanza. Mboga inataka jua la masaa 6 mpaka 8. Toka nje saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi, uone kivuli kinalala wapi. Kama ni apatimenti muulize mwenye nyumba kabla ya kuchimba, ila ndoo kwenye baraza mara nyingi hawana shida nazo. Kama huna hata baraza, omba kiwanja cha jamii. Louisville kuna Common Earth Gardens wanaowapa wakimbizi na wahamiaji sehemu za kulima, Kansas City kuna New Roots for Refugees, Des Moines kuna Global Greens, na IRC, shirika linalosaidia wakimbizi, lina mpango wa New Roots kwenye miji kadhaa. Viwanja vinagawiwa wakati wa baridi, Januari, Februari, sio Juni.

Usichimbe tu popote mjini. Nyumba za kabla ya 1978 nyingi zilipakwa rangi yenye risasi (lead), yale madini ya sumu, ikabanduka ikaingia kwenye udongo, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Kila kaunti kati ya 120 za Kentucky ina ofisi ya ugani ya chuo kikuu, majimbo mengine pia wanazo, unapeleka udongo kwenye mfuko wanapima kwa pesa kidogo au bure, ila uwaambie wazi unataka kipimo cha risasi maana kile cha kawaida kinaangalia rutuba tu. Kama huna uhakika, lima kwenye ndoo na udongo wa kununua.

Ndoo: nenda sehemu ya keki ya supamaketi uulize ndoo za krimu ya keki, ni za galoni 5 au chini kidogo, plastiki ya chakula, mara nyingi wanakupa bure au kwa dola moja mbili. Toboa matundu matano sita chini, ukubwa wa kidole kidogo. Usijaze udongo wa nje peke yake, unashikana kama tofali, nunua udongo wa mfuko uliotengenezwa kwa vyungu, changanya na mboji kama unayo. Hii ndo gharama kubwa kuliko zote na kadi haiilipi, sisi tulianza na ndoo nne, mwaka wa pili kumi na moja. Anza na nne.

Tarehe. Hapa barafu ya usiku inaua, na hiyo kwetu hatuijui. Louisville wazee wa bustani wanasema usipande nyanya mpaka Derby ipite, zile mbio za farasi za Jumamosi ya kwanza ya Mei, na wako sahihi, mimi nilipanda katikati ya Aprili kwa kiherehere, asubuhi moja nikakuta miche sita imelala, myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Ukiwa mji mwingine, uliza ofisi ya ugani tarehe ya barafu ya mwisho ya kwenu, uiandike kwenye ukuta.

Kolardi, ndugu yake sukuma wiki, haogopi baridi. Mwaga mbegu mwisho wa Machi, tena mwanzo wa Agosti kwa ajili ya vuli. Ikipigwa na barafu inakuwa tamu zaidi. Chuma majani ya chini uache kichwa, ndoo moja mche mmoja, miwili mwisho.

Lengalenga, ninyi mnaosema mchicha, inataka joto, kwa hiyo katikati ya Mei. Mbegu ni kama vumbi, changanya na mchanga kidogo ndo umwage, funika kwa udongo mwembamba kama kucha, nyunyizia maji kwa mkono usimwage kwa nguvu. Siku tano tu unaona wekundu umetoka. Wiki ya nne unaanza kula, na usiing'oe! Kata kwa kisu ukiacha shina la urefu wa kiganja lenye vijicho, inachipua pembeni, sisi ndoo moja tunaikata kila siku kumi mpaka Septemba. Paketi kwenye maduka ya kawaida hazionekani sana, nenda duka la Wachina au la Wajamaika, Wajamaika wanaiita kalaloo, kadi inalipia. Lengalenga ya porini inaota yenyewe hapa, wakulima wa Marekani wanaichukia kama gugu baya kuliko yote na wanaipulizia sumu, kwa hiyo usichume pembeni ya shamba la mtu au ya barabara hata kama inakuita.

Matembele na kunde, hapa ndo siri ninayoipenda. Chakula cha dukani kinaota. Nunua kiazi kitamu kwa mkulima sokoni au cha oganiki, maana vingine vimetiwa dawa visichipue, mwezi wa 3 kilaze kwenye bakuli la udongo unyevu dirishani, kinatoa machipukizi, yakifika kiganja yavunje uyaweke kwenye maji, yakitoa mizizi subiri mwisho wa Mei uyapande. Kiazi kimoja kilitupa miche kumi na nne. Kunde kavu za kwenye mfuko wa supamaketi, zile nyeupe zenye jicho jeusi, ziloweke usiku mmoja, zipande mwisho wa Mei udongo ukiwa wa moto, majani unachuma baada ya mwezi. Vitunguu vya majani ukishakata, chomeka mizizi yake kwenye udongo, vinarudi. Yote hiyo umelipa kwa kadi kama chakula cha kawaida, hamna keshia wa kubishana naye.

Nyanya nunua mche, usianze na mbegu mwaka wa kwanza. Ondoa majani ya chini, zika shina ndani mpaka theluthi mbili, itaota mizizi kwenye shina lote. Mche mmoja ndoo moja, chomeka kijiti siku hiyohiyo.

Nyanya chungu, intoryi, ngogwe, ziote ndani ya nyumba kuanzia Machi kwa sababu zinachelewa, na mbegu tunapeana wenyewe kwa wenyewe kanisani.

Maji: Julai ndoo inakauka kwa siku moja. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kukiwa kukavu mwagia mpaka maji yatoke kwenye matundu, asubuhi mapema. Kila wiki mbili iongezee mbolea kidogo, kwa sababu kila unapomwagilia rutuba nayo inatoka chini. Sungura wa hapa hawana aibu, wanamaliza kunde usiku mmoja, pandisha ndoo juu ya benchi au zungushia waya. Majani yakiwa na wadudu wadogo wa kijani chini yake, yaoshe kwa maji ya nguvu siku tatu mfululizo kabla hujafikiria dawa.

YAKIZIDI

Agosti majani yatazidi. Chemsha maji, zamisha majani dakika 2, toa uzamishe kwenye maji ya barafu, kamua kwa mikono miwili kama unakamua nguo, funga kwenye mfuko kipimo cha kupika mara moja, andika tarehe, weka frizi. Bamia zigandishe nzima hivo hivo. Majirani wape. Kuuza usiuze ulichopanda kwa mbegu za EBT, hizo ni za kula nyumbani.

Na kuanzia Septemba acha shina moja la lengalenga, lile nene kuliko yote, usilikate tena. Litarefuka litoe mkia wa maua, mkia ukigeuka kahawia kata siku ya jua, uweke kwenye ungo au sinia, pukusa kwa viganja, pepeta taratibu nje upepo ukiwa mdogo. Shina moja linatoa mbegu maelfu. Paketi ikiwa imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usihangaike kutunza mbegu zake, zitatoka tofauti, lakini lengalenga na kunde na nyanya chungu zinarudi vilevile. Sisi tunatia kwenye bahasha za barua za kawaida, mama anaandika jina kwa kalamu nyekundu na mwaka, zinakaa kwenye kopo la kahawa juu ya friji mpaka Derby ipite.